Dawa ya Tairi la Felisiani

SHOMARI: Haloo. Nani mwenzangu?

GODELIVA: Haloo? Fundi Shomari? Unanisikia?

SHOMARI: Nakusikia kwa mbali sana. Nani?

GODELIVA: Godeliva. Mke wa Felisiani wa Ulyankulu, yule wa mizinga ya nyuki. Si nakupigia kwa namba yake, hukuihifadhi?

SHOMARI: Aa, shemeji. Niwie radhi, mikono yote grisi, nimebonyeza kwa kiwiko bila kuangalia. Habari za huko?

GODELIVA: Nzuri tu. Za Tabora?

SHOMARI: Salama. Stela na mtoto wake?

GODELIVA: Wazima. Mtoto ameanza kukaa. Na mama, anaendeleaje na miguu?

SHOMARI: Alhamdulillahi, sasa anafika mpaka kwa jirani na kurudi na umbea. Huyo si mgonjwa tena, huyo ni—

GODELIVA: (mkwaruzo) Unakatika. Fundi?

SHOMARI: Nipo.

GODELIVA: Nimeweka spika, hii simu sikio lake limekufa. Na nimesimama nyuma ya bani, hapa tunapokaushia tumbaku, ndipo mtandao unapokamata. Nikisogea hatua mbili unapotea.

SHOMARI: Basi usisogee. Sema, shemeji.

GODELIVA: Ni hilo tairi lako.

SHOMARI: Tairi langu tena? La mumeo hilo. Mimi nililitoa tyubu tu.

GODELIVA: Ulipolitoa tyubu ulisema habari ya pancha imekwisha. Ukasema mwiba ukiingia, ile dawa ya Kijapani iliyomo ndani inakimbilia pale inaziba yenyewe, mwenye baiskeli hajui hata kama kachomwa. Leo wiki moja kamili, tairi limelala chini kama chapati.

SHOMARI: Nilisema mwiba. Sikusema halitavuja milele. La mbele au la nyuma?

GODELIVA: La nyuma. Ndiyo shida yangu, maana nataka nimpakie Felisiani kwenye keria nimpeleke kituo cha afya.

SHOMARI: Ana nini?

GODELIVA: Macho. Haya macho mekundu yaliyoingia huku. Kwa Mektilda hapo jirani nyumba nzima wanalia machozi. Leo ndiyo zamu yake.

SHOMARI: Pole yake. Yuko wapi mwenyewe?

GODELIVA: Huyu hapa, amekaa ukutani kwenye bani, amejifunika kitenge changu usoni. Hataki mwanga.

SHOMARI: Amekuwa bi harusi siku hizi? Felisiani, hongera, mahari tuje kula lini?

GODELIVA: Hajibu. Leo hana utani kabisa. Nielekeze tairi, fundi, muda unakwenda.

SHOMARI: Haya. Limekwisha kabisa au limelegea?

GODELIVA: Limekwisha. Rimu inagusa chini.

SHOMARI: Mdomo wa tairi, ule ukingo wake unaokaa ndani ya rimu, umeachia?

GODELIVA: Upande mmoja umeachia. Upande wa mnyororo bado umeshika.

SHOMARI: Afadhali. Sasa sikia. Tairi la tyubu unalijaza pole pole, linakubali. Hili halitaki upole. Linataka upepo mwingi kwa mkupuo mmoja, mdomo uruke uingie mahali pake. Utasikia paa. Ukisikia paa, umelipata.

GODELIVA: Nimepampu mpaka mabega yanawaka. Upepo unaingia huku, unatokea kule.

SHOMARI: Kwa sababu umelipampu kavu. Lipake povu la sabuni kwanza, pande zote mbili, liwe linateleza. Kisha ilaze baiskeli, ulivute vute tairi kwa mikono mpaka likae katikati. Ndoo unayo hapo?

GODELIVA: Stela, niletee ile ndoo na sabuni ya unga. Ndiyo, hiyo. Mtoto mwache kwenye mkeka… Fundi, uko wapi, kuna kelele.

SHOMARI: Kijiweni kwangu, hapa karibu na stesheni. Wanashusha mizigo ya treni.

GODELIVA: Haya, napaka. Mbele… na nyuma.

SHOMARI: Usilionee huruma. Unajua hii kazi nilifundishwa na wale wazungu waliopita na baiskeli wakifuata njia ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji? Mmoja tairi lilimshinda hapa hapa kijiweni. Nikakaa namtazama. Siku mbili nikawa najua kuliko yeye—

GODELIVA: Ulishatuhadithia. Napampu.

SHOMARI: Haraka haraka, usipumzike katikati.

GODELIVA: (anahema, sauti ya pampu) …Linavimba. Linavimba, fundi.

SHOMARI: Endelea.

GODELIVA: (sauti ya pampu, mlio mkubwa) Mama yangu. Limelia.

SHOMARI: Hiyo ndiyo paa. Hata hapa nimeisikia. Umekuwa fundi, shemeji, nikifa kijiwe ni chako.

GODELIVA: Limesimama, lakini nasikia kama mtu anapiga mluzi.

SHOMARI: Hapo ndipo kazi yenyewe. Chukua povu, pakaza taratibu kuzunguka rimu, kwenye vichwa vya spoki, halafu kwenye valvu. Penye tundu, povu litatoa mapovu madogo madogo, kama uji unaochemka. Umeona?

GODELIVA: Kwenye spoki hakuna. Kwenye mdomo… hakuna. Aa, ndiyo hii. Kwenye valvu, chini ya nati.

SHOMARI: Nilijua. Kaza ile nati kwa vidole. Usitumie plaizi, utakata mpira wa chini.

GODELIVA: Plaizi imekwisha kutumika. Felisiani aliishika tangu asubuhi, ndiyo maana limeharibika hivi.

SHOMARI: Alikuwa anafanya nini na plaizi?

GODELIVA: Alikuta tairi limelegea, akataka kujua kama dawa bado imo. Akafungua kile kisindano cha ndani ya valvu, kainama anachungulia. Kumbe upepo bado ulikuwamo. Ikamrukia yote usoni, ndevu nyeupe. Tulicheka, fundi, mpaka Stela akakaa chini.

GODELIVA: Haloo? Mtandao umekwenda?

SHOMARI: Nipo.

GODELIVA: Nati nimeikaza. Povu limetulia. Nizungushe gurudumu sasa, dawa ifike pote?

SHOMARI: Shemeji, ilimrukia usoni sehemu gani?

GODELIVA: Kote, nimekwambia. Si ulisema haina neno? Ulimwambia mbele yangu, hata mtoto akiilamba.

SHOMARI: Saa ngapi hiyo?

GODELIVA: Saa nne, saa nne na nusu. Kwa nini?

SHOMARI: Na macho yalianza lini kumsumbua?

GODELIVA: Haikupita muda. Alikwenda kupumzika ndani, akatoka analalamika anaona ukungu. Haya macho mekundu si ndivyo yanavyoanza, ghafla? Mektilda alilala mzima akaamka—

SHOMARI: Alinawa?

GODELIVA: Alijipangusa. Mimi ndiye nilimfuta.

SHOMARI: Ulimfuta na nini?

GODELIVA: Kitenge changu.

SHOMARI: Kipi?

GODELIVA: Hiki alichojifunika.

SHOMARI: Kitoe.

GODELIVA: Mwanga utam—

SHOMARI: Kitoe usoni, Godeliva. Sasa hivi. Kitupe mbali.

GODELIVA: Mbona unanikaripia? …Baba Stela, lete hicho kitenge. Lete. Fundi anasema… Nimekitoa. Haya, kuna nini?

SHOMARI: Anaonekanaje?

GODELIVA: Macho yamevimba. Hafungui. La kulia linatoa maji tu.

SHOMARI: Muoshe kwa maji.

GODELIVA: Nitamwosha. Nilitaka kwanza nimpake dawa ya macho, ilibaki kidogo ya mtoto. Au Stela amkamulie maziwa ya kunyonyesha, huku tunafanya hivyo.

SHOMARI: Usipake chochote. Maji matupu. Maji mengi.

GODELIVA: Basi nitamwosha, halafu nimpakie twende. Si tairi limeshika? Nesi atamtilia matone ya macho mekundu kama aliyowapa wenzake, kesho atakuwa mzima.

SHOMARI: Hapana. Asimtilie hayo. Ukifika mwambie si macho mekundu. Mwambie kaingiwa na dawa ya tairi.

GODELIVA: Fundi, unanitisha. Dawa gani? Ataniuliza jina. Watu wa hospitali wanataka jina. Hebu chukua lile kopo lako unisomee lilivyoandikwa, Stela aandike.

SHOMARI: Shemeji…

GODELIVA: Stela, lete kalamu. Ndiyo, soma.

SHOMARI: Kopo halitakusaidia.

GODELIVA: Limeandikwa Kijapani? Soma herufi tu, moja moja.

SHOMARI: Kopo ni lile lile la wazungu. Kilichomo ndicho siyo.

GODELIVA: Sikusikii vizuri. (mkwaruzo) Sema tena.

SHOMARI: Ile dawa yenyewe iliisha mwezi wa tatu. Ilikuwa kopo moja tu, waliniachia walipoondoka. Niliweka kwenye baiskeli nne ikakauka. Na watu wanakuja, shemeji, baiskeli zimepangwa mpaka barabarani, wanatoka Puge, wanatoka Usoke, wanauliza yuko wapi fundi wa matairi yasiyo na tyubu. Nikaona aibu kusema imekwisha.

GODELIVA: Ukafanyaje?

SHOMARI: Nikatengeneza yangu.

GODELIVA: Kwa nini? Umeitengeneza kwa kitu gani?

SHOMARI: Kwa gundi kidogo. Na unga wa chaki.

GODELIVA: Na nini tena?

SHOMARI: Na maji kidogo.

GODELIVA: Shomari. Na nini tena?

SHOMARI: Minyaa.

GODELIVA: Minyaa gani?

SHOMARI: Hii ya uzio. Maziwa yake. Yanaganda kama mpira, yanaziba tundu vizuri kuliko ile ya—

GODELIVA: Umuyenzi?

SHOMARI: Sijui nyie mnauitaje.

GODELIVA: Mti wa vijiti vya kijani, usio na majani, ukiukata unatoka maziwa?

SHOMARI: Huo.

GODELIVA: Mama yangu alinichapa mara moja tu maisha yake yote. Ilikuwa kwa sababu ya mti huo. Nilivunja kijiti, basi. Kijiti kimoja. Hata mbuzi wanajua, Shomari. Mbuzi hawali.

SHOMARI: Nilichemsha. Wallahi nilichemsha kutwa nzima. Nilidhani moto umeua ukali wake.

GODELIVA: Ulidhani.

SHOMARI: Niliweka kwanza kwenye baiskeli yangu. Nikaweka kwenye ya Doto, binti yangu, anayoendea chuo kila siku. Ningeiwekea baiskeli ya mwanangu nikijua—

GODELIVA: Wewe haikukugusa?

SHOMARI: Mkono. Ilinibabua kidogo, nikavaa glovu.

GODELIVA: Ukavaa glovu. Halafu ukamwambia mume wangu hata mtoto akiilamba.

FELISIANI: (kwa mbali) Shomari.

SHOMARI: Naam. Naam, ndugu yangu. Unanisikia?

FELISIANI: Nasikia yote. Iko kwenye spika.

SHOMARI: Felisiani, nisa—

GODELIVA: Usimwombe msamaha sasa hivi, hana pa kuuweka. Niambie nifanye nini. Haraka.

SHOMARI: Osha mikono yako kwanza, kwa sabuni. Uliishika ile dawa, uliishika na tairi. Usijiguse macho. Na Stela asimshike mtoto kabla hajaosha.

GODELIVA: Stela, umesikia? Nawa. Nawa mpaka viwikoni. Kisha umtoe mtoto kwenye huo mkeka, hapo baba yako alipita na ndevu zake.

SHOMARI: Mlaze Felisiani chali, kichwa kigeukie upande wa jicho lililozidi. Maji yatoke upande wa pua kwenda upande wa sikio, yasiingie kwenye jicho lingine. Mimina pole pole, usikatishe.

GODELIVA: Nina ndoo hapa.

SHOMARI: Si hiyo ya povu, shemeji. Ya kunywa.

GODELIVA: Ya kunywa iko kwenye mtungi. Stela, mtungi. Lete na jagi… Lala, baba. Lala hapa. Nipe kichwa. Najua. Najua inauma.

(sauti ya maji)

SHOMARI: Afungue jicho.

GODELIVA: Hawezi.

SHOMARI: Mfungue wewe kwa vidole. Lazima maji yaingie ndani. Usisugue.

FELISIANI: (analia kwa sauti ya chini)

GODELIVA: Miaka ishirini na saba ninaishi naye, sijawahi kumsikia hivi. Alizika baba yake hakutoa sauti hii.

SHOMARI: Endelea kumimina.

GODELIVA: Namimina. Unasikia? Unayasikia haya maji?

SHOMARI: Nayasikia.

GODELIVA: Yasikilize vizuri.

(sauti ya maji, kwa muda)

SHOMARI: Robo saa kila jicho. Hata zaidi. Yakiisha mchote mengine.

GODELIVA: Na baada ya hapo nimpakie? Tairi limejaa, halivuji tena. Niendeshe?

SHOMARI: Hapana. Usilipande. Likipata mwiba njiani litamwaga, na wewe uko juu yake na yeye nyuma. Usiliguse kabisa. Hamna pikipiki?

GODELIVA: Nikolaus anayo, lakini yuko sokoni kwenye tumbaku. Sikumwita kwa sababu ya macho mekundu, nani anaita pikipiki kwa macho mekundu? Stela, kimbia. Mwambie Nikolaus aache marobota hapo hapo aje. Mwambie… mwambie baba kaingiwa na umuyenzi. Atakuja.

SHOMARI: Mtoto?

GODELIVA: Yuko na mimi, juu ya kanga safi. Usiniulize ya mtoto.

SHOMARI: Mkifika, nesi anipigie mimi. Au nipigieni nyie, muweke spika. Nitamwambia mwenyewe kilichomo, na kiasi gani, na jina langu. Sitaficha kitu.

GODELIVA: Utamwambia. Hilo sikuombi.

SHOMARI: Nakuja huko. Nafunga kijiwe sasa, nikipata gari la Urambo au la huko moja kwa moja—

GODELIVA: Uje ufanye nini? Una macho ya akiba?

(sauti ya maji)

FELISIANI: Mama Stela, nipe niongee naye.

GODELIVA: Ongea, yuko hapo. Usinyanyue kichwa.

FELISIANI: Shomari.

SHOMARI: Nipo, Felisiani.

FELISIANI: Mizinga naikagua kwa macho. Nyuki hawakaguliwi kwa mkono. Unalijua hilo.

SHOMARI: Nalijua.

FELISIANI: Nitaona?

SHOMARI: Felisiani…

FELISIANI: Wewe ni mtu wa kusema. Huwa huishiwi. Sema.

SHOMARI: Sijui, ndugu yangu. Nikikwambia utaona nitakuwa nakudanganya mara ya pili. Sijui.

FELISIANI: Haya.

SHOMARI: Natamani yangenirukia mimi.

FELISIANI: Hata mimi natamani hivyo.

(mkwaruzo)

GODELIVA: Mtungi unakaribia chini. Mektilda ameona Stela akikimbia, anakuja na ndoo mbili… Mektilda, weka hapo. Usikanyage hilo tairi. Nitakueleza. Fundi?

SHOMARI: Naam.

GODELIVA: Wangapi?

SHOMARI: Wangapi nini?

GODELIVA: Unajua ninachouliza. Umewawekea wangapi?

SHOMARI: Kumi na mmoja. Felisiani akiwemo.

GODELIVA: Wanajua?

SHOMARI: Wanajua ni ya Kijapani.

GODELIVA: Nani na nani?

SHOMARI: Mimi mwenyewe, Doto, Sadiki wa Puge, wawili hapa mjini… na mwalimu Nassibu wa Usoke. Yeye ana tano.

GODELIVA: Tano za nini? Ana miguu mingapi?

SHOMARI: Za klabu. Ana watoto wa shule anaowafundisha mbio za baiskeli. Aliniletea zote tano mwezi uliopita.

GODELIVA: Watoto.

SHOMARI: Ndiyo.

GODELIVA: Na hao watoto wanafundishwa kutengeneza baiskeli zao?

SHOMARI: …Nilikwenda kuwafundisha mwenyewe. Kufungua valvu. Kuangalia kama dawa bado imo.

GODELIVA: Kwa kuchungulia.

SHOMARI: Shemeji, niliwaonyesha kwa nia njema.

GODELIVA: Wanakutana lini?

SHOMARI: Jumamosi. Saa tisa.

GODELIVA: Leo siku gani?

SHOMARI: Jumamosi.

GODELIVA: Na sasa hivi saa nane imepita. Kata simu, Shomari.

SHOMARI: Nianze na Doto, yuko njiani anatoka chuo, nimwambie tu asi—

GODELIVA: Najua unataka kuanza na wako. Hata mimi ningetaka. Anza na mwenye watoto.

SHOMARI: Nitamwambiaje Nassibu? Yule ndiye alinitangaza Usoke nzima.

GODELIVA: Mwambie kama ulivyoniambia mimi, ila usizunguke. Mimi umenizungusha, maji yangekuwa yameingia mapema. Ulinisikia nikisema imemrukia usoni, ukajua, ukabaki unaniuliza saa ngapi, saa ngapi.

SHOMARI: Ni kweli. Niliogopa.

GODELIVA: Nimekusikia ukiogopa. (mlio mfupi) Salio linalia. Pikipiki hiyo inakuja, naisikia.

SHOMARI: Nitakupigia mimi. Ukifika tu niambie, jicho la kushoto angalau—

GODELIVA: Hutanipigia mimi mpaka umalize wote. Ukiwa umemaliza ndipo upige uulize habari ya macho. Nikolaus, huku, nyuma ya bani. Shika kichwa, usimguse usoni. Fundi, bado upo? Kwa nini bado u—

(simu inakatika)

SHOMARI: Haloo? Shemeji?

(simu inaita)

NASSIBU: Haloo, fundi Shomari. Umeniwahi, ndiyo kwanza watoto wanaanza kufika. Leo nataka kila mmoja afungue valvu yake—

SHOMARI: Mwalimu, wasifungue.

NASSIBU: Wasifungue nini? Subiri kidogo, kuna makelele. Nyie, tulieni… Haya, sema.

SHOMARI: Waondoe watoto kwenye hizo baiskeli. Wote. Nakuomba.

NASSIBU: Kuna nini, mbona sauti yako hivyo?

SHOMARI: Nilikudanganya. Humo ndani hamna kitu cha Japani. Ni maziwa ya minyaa, nimeyakamua mimi kwenye uzio. Leo yamemwingia rafiki yangu machoni, na hatujui kama ataona tena.

NASSIBU: Shomari, unajua unalolisema?

SHOMARI: Najua. Wahesabu watoto kwanza, mwalimu, halafu unitukane.